Jua la Utosini

Umeme wa Unguja ulikatika Desemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010. Hitilafu ilikuwa kwenye njia ya umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na kwa miezi mitatu kisiwa kizima kiliishi kwa jenereta, mishumaa na chemli. Waliokuwepo wanakumbuka mengi: maji ya kuteka kwa ndoo kwa sababu pampu zimesimama, samaki waliooza kwenye mafriza, ngurumo za jenereta madukani Darajani. Mimi nakumbuka mwanga. Nilikuwa na muda tayari katika kazi ya studio, lakini kupiga picha hasa nilijifunza katika miezi ile.

Studio yetu ilikuwa Ng'ambo, chumba kimoja kisicho na dirisha. Ukutani pazia jeupe, mbele yake kiti, na huku na huku taa mbili za flashi zenye miavuli. Miguu ya stendi ilichorewa alama sakafuni ili anayefagia akizisogeza tuzirudishe palepale. Mteja wa pasipoti alikaa, taa ikawaka, akaondoka. Mwanafunzi wa kitambulisho hivyo hivyo. Aje asubuhi, aje usiku, iwe masika au kaskazi, sura yake ilitoka na mwanga uleule, na hakuna aliyelalamika.

Umeme ulipokatika, petroli kidogo tuliyoweza kuinunua iliachiwa kompyuta na printa. Taa zikafunikwa shuka. Mwenye studio, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alisimama mlangoni akaangalia ua wa nyumba yake, kisha akaniambia, "Toa kiti, mwanangu. Tunahamia uani."

Yeye alikuwa mtu wa filamu. Alikuwa nayo kichwani yale maelekezo yaliyochapishwa kwenye maboksi ya filamu, yenye vipicha vya jua na mawingu, na aliyataja kama mtu anavyotaja majina ya wanawe. Jua kali lenye kivuli cha kukata, tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata moja chini ya namba ya filamu: filamu ya 100, kasi 1/100. Jua la ukungu, f/11. Wingu jepesi, f/8. Kivulini penye anga wazi, f/5.6 au f/4. Kila hatua unayoshuka unauruhusu mwanga mara mbili ya ule wa hatua iliyotangulia. Kwa hiyo baina ya mtu aliyesimama juani na mwenzake aliyekaa kibarazani, hatua tatu tu mbele yake, mwanga unaweza kupishana mara 8 au hata 16. Jicho halikuambii hivyo. Jicho linazoea papo hapo na linakuonyesha wote wawili vizuri. Kamera haiwezi: itamchagua mmoja, na mwingine ama ataungua awe mweupe ama atazama gizani.

Ua wenyewe ulikuwa mdogo. Upande wa kusini palikuwa na kibaraza chenye paa la bati, kimeelekea kaskazini. Mbele yake, ng'ambo ya ua, ukuta mrefu wa chokaa, nusu ya chini imepakwa rangi ya mafuta ya kijani kama nyumba nyingi za mjini. Desemba jua hupita kusini mwa Unguja kutwa nzima, tangu linapochomoza mpaka linapokuchwa. Kibaraza hakikupata jua hata dakika moja, ila ule ukuta wa mbele ulipigwa na jua siku nzima, ukaurudisha mwanga kibarazani, mwingi na laini. Fundi alimkalisha mteja kwenye ukingo wa kivuli, uso umeelekea ukutani, akamgeuza kidogo tu bega. Alipiga picha bila haraka, na picha ilipotoka kwenye printa niliishika nikaikodolea macho. Uso wa yule bwana ulikuwa na umbo. Shavu lilikuwa shavu, na chini ya taya palikuwa na kivuli chepesi kinachotenga kichwa na shingo. Katika chumba cha flashi watu wale wale walikuwa wakitoka bapa.

Ila wengine walitoka na ukijani chini ya kidevu. Ilikuwa ile rangi ya mafuta. Mwanga ukigonga kitu unachukua rangi yake, kisha unaipeleka kwa kilicho karibu. Macho yetu yameshazoea kulipuuza hilo, kamera hailipuuzi. Tukatundika mashuka meupe kuifunika ile nusu ya kijani, na ukijani ukaondoka. Tangu siku ile siwezi kuingia kwenye chumba cha mtu bila kuangalia kuta zake. Kanga nyekundu begani inatia wekundu shingoni. Bati jipya la jirani linatupa mwanga mkavu, wenye kingo kali.

Jambo la pili lilikuja polepole. Kadiri wiki zilivyokwenda, kibaraza kilikuwa kikibadilika na sisi hatujagusa chochote. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, na jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini, na karibu na tarehe 9 Oktoba likirudi. Desemba, saa sita na kitu mchana, kijiti kilichosimama kina kivuli kifupi upande wa kaskazini. Kila wiki kivuli hicho kinafupika, na mwanzoni mwa Machi kijiti hakina kivuli kabisa. Ule ukuta wetu ulikuwa sasa unapitiwa na jua kwa juu tu, na mwanga wote ukaanguka sakafuni katikati ya ua. Kutoka sakafuni ukapanda kwenye nyuso za wateja kutokea chini. Mwanga wa chini hautupendezi sisi binadamu: unajaza matundu ya pua, unakiacha kipaji gizani, na mtu mpole anatoka kama mwenye kinyongo. Fundi akatandika jamvi kuukuu pale sakafuni, lile jeusi kwa uzee, na mwanga wa chini ukafa. Kisha akakirudisha kiti nyuma hadi mdomoni mwa mlango wa chumba, akamwacha mteja aangaliane na anga tupu ya kaskazini. Somo langu la majira ya jua nilipewa na jamvi lile.

Miaka iliyofuata nilipata vitabu vya upigaji picha, vingi vimeandikwa Uingereza na Marekani. Vilinisaidia sana. Humo nilijua kwa nini jua la machweo ni jekundu: likiwa ukingoni mwa upeo, mwanga wake unakata hewa nene karibu mara 40 ya ile unayoikata linapokuwa utosini, na njiani rangi ya bluu inatawanywa kuliko nyekundu, kwa hiyo kinachotufikia ni dhahabu na wekundu. Humo pia nilijua kwamba rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Jua la mchana ni kama 5,500, la karibu na kuchwa hushuka hadi 3,000 na chini yake, kivulini penye anga ya bluu hupanda 7,000 na zaidi, na mshumaa hauzidi 2,000. Ndiyo maana kamera iliyoachwa ijichagulie rangi yenyewe inakunyang'anya magharibi yako: inaiona dhahabu, inadhani ni kasoro, inaisafisha.

Lakini karibu vitabu vyote vilikuwa na wosia mmoja ambao naukataa mpaka leo: usipige picha mchana, ngoja saa ya dhahabu.

Wosia huo una haki yake kule ulikoandikwa. London, Desemba, jua la adhuhuri hupanda nyuzi 15 tu hivi kutoka upeo wa macho. Siku yao nzima ina mwanga wa ubavuni, kama wetu wa kuelekea magharibi. Jua la kule linashuka kwa mshazari, na zile nyuzi 6 za mwisho kabla ya kuzama linazimaliza kwa muda karibu mara mbili ya wetu. Sisi jua letu linatumbukia wima. Nyuzi 6 zinakwisha kwa dakika 25 hivi, na likishazama, baada ya dakika nyingine 20 na kitu ni usiku. Mpiga picha wa pwani anayengoja saa ya dhahabu anapewa robo tatu ya saa asubuhi na jioni, kwa sharti kwamba hakuna wingu. Muda wote uliobaki, ambao ndio watu wanaishi na kufanya kazi, ameambiwa akae.

Na matokeo yake tunayaona. Angalieni picha nyingi za pwani hii zinazouzwa kwa wageni: jahazi, jua jekundu nyuma yake, na baharia aliye kivuli cheusi mbele ya wekundu. Hana macho, hana umri, hana jina. Picha hiyo inapendeza, na mimi pia nimepiga za namna hiyo. Lakini ukizikusanya kwa maelfu zinakuwa namna ya kusema kwamba sisi tupo ili kuipamba jioni. Hilo linaniuma.

Saa za pwani tunazo, na zimepimwa kwa jua kabla ya kamera kuzaliwa. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi Unguja, wakati wa sala ya alasiri unaingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukijumlisha na kile kivuli kilichokuwepo adhuhuri. Siku za mwanzo wa Machi, ambapo adhuhuri haina kivuli, maana yake ni kwamba jua limeshuka hadi nyuzi 45, nusu ya njia kati ya utosi na upeo, na saa ni tisa na nusu hivi. Mpiga picha hahitaji kipimo bora kuliko hicho. Kabla ya hapo, jua linakaa juu ya kipaji na kufukia macho kwenye mashimo yake. Baada ya hapo, linaanza kuingia machoni. Ninaposikia adhana ya alasiri nikiwa kazini, mkono wangu unakwenda kwenye begi la kamera wenyewe.

Ndoa nyingi mjini hufungwa msikitini baada ya sala hiyo, na kwangu hiyo imekuwa neema. Bwana harusi anatoka mlangoni kama saa kumi, kanzu nyeupe pe, joho jeusi lenye nakshi ya dhahabu, uso mweusi unaong'aa jasho. Vitu vitatu hivi ni mtihani. Kipimo cha kamera kimetengenezwa kuamini kwamba kila kinachokiona ni kijivu cha wastani, kwa hiyo kikiona kanzu inayojaza fremu kinapunguza mwanga mpaka kanzu iwe kijivu, na uso unazama. Nawapima kwa uso, si kwa nguo. Nawaomba jamaa wasogee ng'ambo ya kichochoro, jua liwe mgongoni mwao na ukuta wa chokaa uliopigwa na jua uwe mbele yao. Kanzu inapata ukingo wa mwanga mabegani, na uso unapokea ule unaorudi kutoka ukutani. Wazee wakishika mkono wa bwana harusi kumpa pongezi, na mikono yao iwe ndani ya mwanga huohuo, unaona mishipa, pete, na mafuta ya udi yanayometa kwenye vifundo.

Ngozi nyeusi inahitaji kusemwa peke yake, kwa sababu imedhulumiwa muda mrefu. Kwa miongo mingi Kodak ilisambaza kwenye maabara za picha kadi ya kusawazishia rangi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, ameandika jinsi rangi za filamu zilivyopangwa kuifaa ngozi ile, na weusi wakabaki macho na meno. Kamera za leo ni bora zaidi, ila ujuzi wa mwanga haujapitwa. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa ung'avu, na ung'avu huo unachukua sura ya chanzo chake. Jua la mchana ni nukta ndogo, kwa hiyo linaacha nukta ndogo nyeupe kipajini na puani, na pembeni yake giza. Ukuta mpana wenye mwanga, au anga inayoonekana kupitia mlango mkubwa, unaacha utando mpana unaoteremka taratibu kutoka kipajini hadi shavuni. Fundi hakuniambia hayo kwa maneno ya namna hii. Alisema tu, "Mpe mlango, mwanangu, usimpe jua."

Nilipokuja kuziona picha za Seydou Keïta nilihisi ninamwona Fundi. Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na akafanya kazi uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ya mteja ametundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani mwake. Mara nyingi alipiga picha moja tu kwa mteja. Wanawake wake wamekaa na magauni ya maua mbele ya kitambaa cha maua, na bado uso ndio unaokuvuta, kwa sababu mwanga umeujia kwa upana na umeuheshimu. Bamako ina jua kali kuliko letu. Mtu huyu hakulisubiri lipoe.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilinikuta pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa wanawake wa mwani. Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, na mpaka leo wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Bahari ndiyo inayowapangia saa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hutoka mbali sana, na kwa Unguja kupwa huko kunaangukia karibu na saa nne asubuhi. Wanashuka tangu saa mbili au tatu na wanarudi maji yanapojaa, jua limeshafika utosini. Anayengoja saa ya dhahabu atayakuta maji yamefunika vigingi, na wanawake wako majikoni mwao wanapika.

Niliingia nao. Mama mmoja mtu mzima, kofia ya ukili juu ya mtandio, alikuwa ameinama juu ya kamba akifunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Usikanyage kamba," akasema bila kuinua kichwa. Jua lilikuwa kali hasa, aina ile ambayo vitabu vinasema ufunge kamera urudi nyumbani. Lakini maji yalikuwa ya magotini, safi, na chini yake mchanga mweupe. Mchanga ule ulikuwa unafanya kazi iliyofanywa na ukuta wa Fundi. Uso wake, uliokuwa chini ya kofia na uliopaswa kuwa gizani, ulikuwa umejaa mwanga laini kutoka majini, na juu ya kidevu na chini ya mikono yake palicheza wavu wa mistari ya mwanga, kila wimbi dogo likiuvuta na kuuachia. Kofia ilizuia jua la juu. Bahari ikaleta la chini. Na hapa mwanga wa chini, ambao uani tuliupiga vita kwa jamvi, ulikuwa ndio wenye haki, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa ameinamia chanzo chake.

Nilisogea mpaka lenzi ikawa karibu na vidole vyake. Kamba za nailoni zilikuwa zimechimba mifereji kwenye ngozi iliyolainika kwa maji ya chumvi. Kidole cha shahada kilifungwa kitambaa. Kila fundo alilivuta kwa meno ya mbele, akatema maji, akahamia kipande kingine. Hayo yote yalionekana kwa sababu ilikuwa saa nne na nusu ya asubuhi. Saa kumi na mbili jioni ningepata kivuli cha mwanamke aliyeinama, na mtazamaji angesema ni nzuri.

Nilipompelekea picha alikuwa barazani kwake anachambua mchele. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiangalia muda mrefu kisha akamwita binti yake aje. Hakusema kitu juu ya uso wake. Alionyesha mikono. "Tazama, hata kitambaa kimetoka," akamwambia binti. Akaniomba nakala nyingine ya kumpelekea mwanawe aliyeko Muscat, ambaye kila akipiga simu humwambia aache mwani apumzike. Nikamuuliza kama anadhani picha itamfanya mwanawe anyamaze. Akasema hapana, ila atajua anachozungumzia. Kisha akaniambia maji ya bamvua ijayo yatatoka vizuri zaidi, na kwamba nikija nije na viatu vya plastiki, kwa sababu upande wanakokwenda kuna shokwe wengi.